Gari Linapumulia Wapi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hatakiwi popote. Nashukuru hata hivyo. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Lumemo, na inakwenda mbele dakika saba. Wakati soda zinagawiwa, mmoja wenu aliniuliza: "Fundi Gaudensia, hizi pikapu mpya za turbo, tukitaka kuzibadilishia mfumo wa kuvuta hewa, tufunge upi? Ule wa filta kukaa wazi, au ule wa bomba refu linaloshuka chini?" Nikasema nitawaandikia. Mlidhani nakwepa. Nilikuwa nakwepa kweli, kwa sababu jibu lake si la kutoa mtu ameshika chupa ya soda.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vimo kwenye faili, na faili liko kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea.

Niliingia karakana ya shamba la mbegu nikitoka chuo cha ufundi, ovaroli yangu imepigwa pasi mpaka ina mstari. Msimamizi alikuwa Fundi Ambrosi, Mpogoro mmoja mfupi, mkali, anayeazima spana za watu na kuzisahau kwa makusudi. Aliutazama ule mstari wa pasi kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akanisukumia eakilina ya trekta, lile kopo la kuchujia hewa, kubwa kama ndoo.

"Fungua, binti. Uniambie kimetokea nini humo."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na makapi ya mpunga, vumbi jeusi la mbugani, na panya aliyezaa watoto watano juu ya filta. Nikamwambia, "Imeziba, mzee."

"Hilo hata panya analijua. Chukua kitambaa cheupe, pitisha kwenye bomba upande wa injini."

Nikapitisha. Kikatoka na rangi ya udongo. Klipu moja ilikuwa imelegea, vumbi likapata njia yake ya pembeni bila kupita kwenye filta. Ambrosi akakipokea kile kitambaa, akakikunja vizuri kama mtu anayekunja leso ya kanisani, akasema: "Filta ikiziba, gari linachoka na dereva analalamika. Hewa ikipita pembeni, halalamiki mtu yeyote mpaka injini imeisha." Siku hiyo sikushika kitu kingine chochote. Nilipitisha vitambaa kwenye mabomba ya matrekta yote ya karakana, na jioni mikono yangu ilikuwa na harufu ya panya.

Turbo zilikuja baadaye, kwanza kwenye malori, halafu kwenye pikapu. Kwa wale wanaoanza: turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inaishindilia hewa iingie kwenye injini kwa nguvu. Hewa iliyoshindiliwa inapata moto, kwa hiyo inapitishwa kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya mbele, ipoe kwanza. Feni ile inazunguka kwa kasi ambayo punje moja ya mchanga inaweza kuilia mapanga yake. Ambrosi alikuwa akinivua miwani na kuniambia nipapase mapanga ya turbo iliyokufa kwa kidole. Yalikuwa butu, yamelika kama meno ya mtu mzee. Kiangazi, barabara ya Mlimba ikiwa unga mtupu, tulizika turbo nyingi namna hiyo.

Kitu cha pili alichonifundisha ni povu. Gari la turbo likija limeishiwa nguvu, alisema, usianze kufikiria, anza kuosha. Ziba bomba, ingiza upepo wa kompresa kidogo, paka maji ya sabuni kwenye kila hosi, yaani mpira wa kupitishia hewa, kati ya turbo na injini. Pale panapotoa mapovu ndipo nguvu inapotokea nje. Kazi ya nusu saa, ndoo moja na kipande cha sabuni ya kufulia. Yeye mwenyewe aliiona kazi hiyo kuwa ndogo mno, ndiyo maana siku zote aliniachia mimi. Aliniita binti mpaka nikaota mvi, kisha akastaafu, akahamia kwao Mahenge, na nikabaki na karakana na nusu ya spana zangu.

Wateja wa kubadilisha mfumo wa hewa walianza na kijana mmoja mwenye duka la dawa mjini Ifakara. Alikuwa na gari dogo la turbo, akaniomba nimsaidie siku za Jumamosi. Alikuwa ameagiza filta yenye umbo la pia ya watoto, ya kitambaa cha kuloweka mafuta, inayokaa wazi ndani ya boneti. Nilimuuliza anataka nini hasa. Akasema anataka nguvu. Nikamuuliza tena. Akasema anataka ile sauti ya *pshii* gari linapobadilisha gia. Huyo nilimheshimu, alikuwa mkweli. Nilimfungia, sauti akaipata, na baada ya wiki tatu gari likaanza kutoa moshi mweusi na kukwama kwama. Alikuwa ameiosha filta mwenyewe na kuilowesha mafuta kama mtu anayekaanga maandazi. Mafuta yakavutwa, yakaikalia ile sensa inayopima hewa, kompyuta ya gari ikawa inadanganywa. Tena filta ilikaa jirani na moto wa injini: gari likienda polepole kwenye foleni ya siku ya gulio, linavuta hewa ya moto kuliko ile ya boksi lake la zamani. Nilisafisha sensa, nikarudisha boksi. Sauti ikaondoka, naye akanikasirikia mwezi mzima.

Kwa hiyo nilijiona nimeshajua.

Bosi mpya wa usafiri alipokuja, Bwana Erasto, alikuja na uchangamfu wake. Alikuwa mtu wa kusoma habari za magari kwenye simu hata wakati wa kikao. Wakati huo pikapu yetu ya Masagati, ile inayopeleka mbegu kwa wakulima ng'ambo ya Mlimba, ilikuwa imeanza kuchoka kwenye vilima. Dereva wake, Shabani wa Idete, alikuwa ameiandika kwenye daftari mara mbili: *Gari halivuti vizuri.* Shabani alikuwa amenizidi miaka kama sita, mtu wa maneno machache, na aliijua ile barabara kuliko walioichonga.

Bwana Erasto akaniita ofisini, akanigeuzia simu. "Mama, tatizo ni hewa. Hili boksi la kiwandani linaibana injini. Tuchague mfumo mwingine, wa hewa baridi. Upi unaupenda?"

Hapo ndipo ilipotakiwa ndoo na sabuni. Nilijua. Lakini nilikuwa msimamizi sasa, nimeitwa nichague kitu kipya kinachong'aa, na kwa mara ya kwanza bosi alikuwa ananiuliza napenda nini. Nikaketi tukachagua. Filta ya wazi nikaikataa kwa sababu ya moto na vumbi, nikamweleza habari ya kijana wa duka la dawa, akacheka. Tukabaki na aina mbili. Moja ilikuwa boksi lililofungwa linalovuta hewa juu, usawa wa paa, kupitia bomba linalopanda pembeni ya kioo. Nyingine ilikuwa bomba refu la aluminiamu linaloshuka ndani ya madigadi, filta yake ikikaa chini nyuma ya bampa, mbali na injini, kwenye hewa baridi.

"Hilo la paa linafanya gari lionekane kama la wawindaji," Bwana Erasto akasema.

Nikachagua la chini. Lilipofika nikalifunga kwa mikono yangu, nikaunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, nikaendesha mpaka Kibaoni na kurudi. Joto la hewa inayoingia lilikuwa limeshuka kweli. Nikaziandika zile namba kwenye daftari na kuzipigia mstari. Gari lenyewe liliongezeka nguvu kidogo sana, lakini mtu aliyefunga kitu kipya husikia nguvu hata ambayo haipo. Nikakumbuka kwamba ni lazima nimwambie Shabani kuwa gari sasa linapumulia chini ya taa, si juu karibu na boneti kama zamani. Yeye alikuwa likizo, amekwenda kupanda mpunga. Nikasema nitabandika karatasi kwenye dashibodi. Trekta likaletwa na gia imevunjika, nikaingia chini yake, karatasi sikubandika.

Shabani alirudi Jumatatu asubuhi, mvua za masika zimeshaanza. Nilimwona akikagua mafuta na matairi, akanipungia mkono nikiwa bado chini ya trekta. Nami nikampungia.

Kabla ya kufika Masagati kuna kijito kinachokatiza barabara. Shabani alikuwa amekivuka miaka yote kwa namna ile ile: anashuka, anakunja suruali, anaingia na fimbo, anapima. Maji yakiwa chini ya ukingo wa juu wa bampa, anavuka polepole bila kusimama. Yakizidi, analala ng'ambo. Siku ile yalikuwa chini ya ukingo. Akavuka, na katikati ya maji injini ikazima kwa mlio mmoja. Alikaa siku mbili kule mpaka trekta la kijiji likamvuta, na mbegu akazibeba kichwani na wanakijiji, mfuko kwa mfuko, hakupoteza hata mmoja.

Gari lilipoletwa karakana nililifungua peke yangu. Niliwatuma wengine shambani. Injini ilikuwa imekunywa maji. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo pistoni ilipopanda na kukuta maji, konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma, ilipinda kama kijiko. Filta ilikuwa imejaa tope. Hayo niliyategemea. Ambacho sikukitegemea nilikikuta wakati natoa intakula: chini ya hosi inayotoka kwenye turbo, upande ambao huuoni ukisimama, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, umezungukwa na mafuta meusi ya siku nyingi. Hapo ndipo nguvu ya gari ilipokuwa inatokea nje tangu mwanzo. Povu la sabuni lingenionyesha kwa nusu saa. Mfumo mpya wa hewa haukuhitajika kabisa.

Nilikaa juu ya tairi, ile hosi iko mapajani. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa namna ambayo mtu hataki hata kunawa mikono.

Bwana Erasto alitaka taarifa. Nikaandika: *Injini imeharibika kutokana na kuingia maji baada ya gari kuvushwa kwenye maji marefu.* Isomeni tena. Hakuna neno la uongo ndani yake. Niliipanga hivyo makusudi, kama mtu anayepanga matofali kuficha ufa.

Kwenye kikao Shabani alisimama, amevaa shati jeupe. Bwana Erasto akamuuliza, "Ulivuka maji?"

"Nilivuka."

"Ulijua yalikuwa marefu?"

"Yalikuwa kama siku zote."

"Fundi anasema yalikuwa marefu."

Shabani akageuka, akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama anayesubiri mtu amalize kupiga chafya. Mimi nikatazama karatasi zangu. Akaachishwa kazi kwa uzembe, akarudisha funguo, akaaga walinzi getini mmoja mmoja.

Miezi minne ikapita. Nitawaambia ukweli: sikuwa nakosa usingizi, nilikuwa nalala vizuri tu. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuongea kazini. Mliokuwepo mtakumbuka, mlisema mama amezeeka.

Kisha Bwana Erasto akaja karakana amefurahi, amebeba boksi. "Mama, nimepata bomba jingine kama lile. Hili tulifunge kwenye pikapu ya pili. Ila safari hii madereva waonywe kuhusu maji."

Nikamwambia, "Halifungwi."

"Kwa nini? Si wewe uliyesema linapunguza joto?"

"Linapunguza. Lakini bonde hili lina maji nusu ya mwaka, na nusu nyingine lina vumbi, na chini ndiko yote mawili yanakokaa. Halafu kuna jambo la Shabani." Nikaenda kwenye kabati, nikatoa ile hosi, ambayo sikuwa nimeitupa wala sikuwa nimejua kwa nini siitupi. Nikamwonyesha mpasuko. Nikamweleza na habari ya karatasi ambayo sikuibandika.

Akaigeuza ile hosi mara kadhaa. "Mama Gaudensia," akasema, "unajua ukiyaandika haya unajiandikia nini?"

"Najua."

"Na mimi pia nilichagua."

"Wewe ulichagua kwa simu. Mimi ndiye fundi."

Kabla ya kuandika nilitaka Shabani asikie kwangu kwanza. Jumapili baada ya misa nilipanda bodaboda mpaka Idete. Nilimkuta pembeni ya shamba lake la mpunga, amepiga magoti anafungua kabureta ya pampu ya maji. Mke wake akaniletea kigoda.

"Shikamoo, kaka Shabani."

"Marahaba, fundi. Karibu. Nishikie hii skrubu isidondoke."

Nikaishika. Nikamweleza yote huku nimeishika: habari ya bomba, karatasi, sabuni, hosi, taarifa. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza akapuliza tundu la kabureta, akalitazama kwenye jua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile, pale kwenye maji. Nilifungua boneti nikaona boksi halipo. Nikafuata lile bomba kwa mkono mpaka chini."

"Sasa mbona kwenye kikao hukusema?"

"Ningesema mimi, ningekuwa dereva anayemsukumia fundi kosa. Ungesema wewe, ingekuwa fundi anasema." Akanyoosha mkono, nikampa skrubu. "Nilikusubiri, fundi. Siku ile nilisubiri. Na wiki ile yote nilisubiri. Baadaye mpunga ukataka palizi."

Mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema kwa Kindamba neno ambalo sikulielewa, na Shabani akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Mwache. Amekuja kwa miguu yake."

Nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme anataka kazi yake. Akasema anataka karatasi. Alikuwa ameomba kazi ya udereva sehemu mbili, kote wamepiga simu kuuliza kwetu shamba la mbegu, na wakaambiwa ni mzembe wa maji. "Miaka yote hii nashuka na kupima," akasema. "Andika kwamba nilishuka na kupima."

Jumatatu nikaandika, kurasa mbili, na sentensi ya kwanza ilikuwa hiyo: *Dereva alishuka na kupima.* Bwana Erasto, nampa haki yake, aliipeleka juu bila kuigusa, na akaongeza kwa mkono wake kwamba uchaguzi ule tuliufanya pamoja. Nilipewa barua ya onyo, nikaisaini. Baada ya wiki kadhaa Shabani akaitwa arudi. Nilidhani atakataa, alikuwa na mpunga mzuri mwaka ule. Akarudi baada ya kuvuna.

Kwa hiyo, mliouliza, jibu langu ni hili. Gari la turbo likichoka, anza na sabuni. Mara nyingi utaishia hapo. Kama ni lazima ubadilishe, chagua boksi lililofungwa, filta ya karatasi ambayo haitaki mafuta, mabomba yenye viungo vichache, kwa sababu kila kiungo ni mlango wa vumbi. Hewa ivutwe juu. Mtu akikuambia itapoteza ubaridi kidogo, mwambie intakula ipo, imewekwa kwa kazi hiyo. Usinunue kitu ambacho hujui kitakaa umbali gani kutoka ardhini. Pima kwa futi, kutoka mdomo wa bomba mpaka chini, namba hiyo iandikwe kwenye dashibodi kwa rangi, na gari lisitoke kabla dereva hajaisoma kwa sauti. Ile pikapu ya Masagati, injini yake ilipotengenezwa, niliifungia bomba la paa. Inafanana na ya wawindaji kweli, na mpaka naondoka ilikuwa haijanywa tena maji.

Shabani aliiendesha miaka mitatu mpaka akastaafu, mwaka mmoja kabla yangu. Hatukugombana hata siku moja. Kwenye msiba wa mama yangu alikuja, akakaa na wanaume mpaka tukazika. Kazini alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya miguu yangu, akanitania kuhusu soda ninazokunywa. Lakini kila asubuhi ya safari, hata kama nilichofanya ni kubadilisha balbu ya taa, alikuja na funguo mkononi, akafungua boneti mwenyewe, akasema, "Nionyeshe." Nami nilimwonyesha, bomba kwa bomba, klipu kwa klipu, mpaka mwisho. Alifuata kwa kidole kila mahali nilipotaja, akagusa, ndipo akaifunga boneti na kuondoka. Miaka mitatu. Nilimwambia mara nyingi kwamba gari liko sawa, na mara zote alinijibu kwa upole, "Najua, fundi. Nionyeshe tu."